Mwanasiti Wawili, Faili Moja

Siku mliyoniaga ofisini mlinipa keki, saa ya ukutani na ombi. Keki tuliila papo hapo, saa imeshaanza kuchelewa, na ombi ndilo hili ninalolijibu. Mlisema, "Mzee Hamadi, tuandikie vidokezo vya kazi, hata kurasa chache." Nikawauliza vidokezo vya nini, nanyi mna mashine inayowajibu kabla hamjamaliza kuuliza. Mkacheka mkidhani natania. Sikuwa natania. Mtu anayeomba nasaha za mstaafu kwa uso mkunjufu namna ile, mimi humtazama mara mbili.

Basi nitaandika, lakini orodha ya vidokezo sina. Nimeandika programu za kompyuta zaidi ya miaka thelathini, zote pwani hii ya kusini, kwa mahoteli, mashule, wavuvi wa Jego, na yeyote aliyekuwa na karatasi nyingi kuliko kabati. Kitu nilichokijua barabara ni kimoja: kushuku. Nimeishuku mitambo, nimewashuku watu, nimejishuku mwenyewe. Kushuku kumenilisha na kunivisha. Lakini iko siku moja kulimharibia mtu maisha yake, na siku hiyo sijapata kumsimulia mtu yeyote wa ofisini. Nitafika huko. Kwanza nianze mwanzo, maana mkisoma ya mwisho bila ya mwanzo mtaniona mpumbavu tu, na mimi nataka mjue upumbavu wangu ulitoka wapi.

Kazi ya kwanza niliipata hoteli moja ya Diani. Niliingia kwa mlango wa wafanyakazi nimevaa shati langu la Idi, nikapelekwa chumba kidogo nyuma ya mapokezi, chenye kompyuta moja ya kioo cheusi na herufi za kijani. Mkuu wa chumba hicho alikuwa mwanamke wa bara, jina lake Wambui, mfupi, miwani inaning'inia shingoni. Nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Shikamoo mpe nyanya yako. Mimi niite Wambui. Unajua nini?"

"Najua kuandika programu."

"Nani amekuambia?"

"Nimesomea chuoni, Mombasa."

"Sijakuuliza ulisomea wapi. Nimekuuliza nani amekuambia unajua."

Nilimchukia tangu dakika ile, na nikaendelea kumchukia miezi miwili mizima. Ndiye aliyenifundisha kila kitu.

Wiki tatu hakuniruhusu kugusa kibodi. Alinipa programu ya hoteli imechapwa kwenye karatasi ndefu zile za kukunjana, akanipa rula na penseli, akaniamuru niisome kwa sauti mstari kwa mstari, rula ikiwa chini ya mstari ili jicho lisiruke. Mimi nasoma, yeye kanipa mgongo anaendelea na shughuli zake, na kila baada ya mistari michache ananitupia swali. "Na kama hakuna mgeni hata mmoja?" Nasoma tena. "Na kama mgeni ameondoka kabla hajafika?" Nikamwambia hilo haliwezekani. "Kwa hoteli kila kitu kinawezekana, bana. Soma." Alasiri ile ile mapokezi wakaja mbio: kuna mgeni ambaye ndege yake haijatua, na tayari mashine imeandika kuwa ameshaondoka, na chumba chake amelala mtu mwingine. Wambui alivaa miwani akanitazama.

Kwa hiyo someni programu zenu kwa sauti. Najua mtaona haya, hasa mkikaa wengi chumba kimoja. Oneni haya, lakini someni. Jicho lina tabia ya kusoma kile unachotaka kiwepo, na mdomo unalazimika kusoma kilichopo.

Enzi hizo adui yetu mkubwa alikuwa hewa. Chumvi ya bahari inaingia kwenye mashine kimya kimya, na siku unapoijua imeshakula nusu ya shaba. Kila wiki mbili nilikuwa nikifungua kompyuta ile kwa bisibisi, naipiga brashi laini, nafuta kwa spiriti, natoa mayai ya mjusi. Mjusi hupenda joto la mashine. Tumbili naye alikuwa na yake. Mmoja aliingia dirishani mchana kweupe akaondoka na kipanya cha kompyuta, waya ukiburuzika nyuma yake, na Wambui akaniandikia barua rasmi kunitaka nieleze kwa nini dirisha lilikuwa wazi. Barua hiyo ninayo mpaka leo. Sidhani kama kuna kijana wenu yeyote aliyewahi kuandikiwa barua kwa sababu ya tumbili.

Programu ya kwanza niliyoandika peke yangu ilikuwa ya kantini ya wafanyakazi. Msimamizi alitaka kujua nani yuko kazini na nani hayuko bila ya kuzunguka bustani nzima, nami nikaona njia ya mkato. Kila mfanyakazi hula mchana kantini. Basi aliyechukua sahani yupo, asiyechukua hayupo. Wambui akauliza, "Na kama mtu hana njaa?" Nikamjibu kuwa mfanyakazi wa hoteli asiye na njaa hajazaliwa. Programu ikaenda vizuri miezi kadhaa. Halafu ukaandama mwezi wa Ramadhani. Siku ya kwanza ya mfungo, mashine ilitoa ripoti kwamba nusu ya hoteli imetoroka kazi, na jina la tatu katika orodha ya watoro ni Hamadi. Mimi! Nimefunga, nimekula daku nyumbani kwangu, nimekuja kazini kabla ya watu wote, na sikukumbuka hata kidogo kuwa mimi ni mmoja wa watu ninaowaandikia. Wambui alicheka hadi akaketi chini.

"Hamadi," akasema akijipangusa machozi, "ukianza kuandika programu, unakuwa mtu wa wapi?"

Nililichukulia swali lile kuwa ni mzaha wake wa kawaida.

Miaka ikaenda, Wambui akarudi kwao bara, mimi nikafungua kijiofisi ghorofani Kona ya Musa, juu ya duka la magodoro, pale pale mlipokuja kunikuta. Nikaanza kukusanya mashaka yangu mwenyewe. Mteja akikwambia "sijagusa kitu," amegusa. Usimgombeze. Muulize habari za nyumbani, kunywa chai yake, na kikombe kikifika nusu atasema mwenyewe, "Isipokuwa ule waya wa buluu niliuchomoa kidogo tu." Akisema anachotaka ni kitu kidogo, chonga penseli, utakaa hapo mpaka magharibi. Programu ikikubali mara ya kwanza, usishangilie. Yangu ikikubali mara ya kwanza mimi huinuka, nikazunguka meza, nikarudi kuikagua kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kupita kiasi. Na yule mwenzenu anayeandika vitu ambavyo hakuna mwingine anayeweza kuvisoma, msimwite bingwa. Anajificha.

Kuhusu hiyo mashine yenu inayoandika programu, msidhani naiogopa, nimeitumia. Ina adabu, haichoki, haikosi jibu, na ndiyo maana siiamini. Mimi nimeishi Diani. Nimewaona madalali wa viwanja wenye adabu hiyo hiyo na karatasi hizo hizo za kupendeza mkononi, na kiwanja kina wenyewe watatu. Na kitu kingine: ukiikosoa inakuomba radhi hapo hapo. Mtu anayeomba radhi upesi hivyo hajafikiri alichokosea. Mimi radhi yangu moja imenichukua miaka.

Sasa nimefika.

Kulikuwa na zahanati moja ya binafsi kwenye barabara ya Msambweni, vitanda vichache, daktari mmoja ambaye ndiye mwenyewe, na wauguzi watatu. Haipo tena, na jina lake halitawafaa kitu. Majina ya wagonjwa nayo nimeyabadilisha. Muuguzi mkuu alikuwa Sista Kadzo, Mduruma, mtu wa kanisani kila Jumapili, asiyependa kompyuta na asiyelificha hilo. Mimi ndiye niliyewatengenezea programu ya wagonjwa. Makarani walinakili mafaili yote ya karatasi, kazi ya miezi mingi, na walipomaliza nilimshauri daktari ayachome. Yalikuwa yanaliwa na mchwa na kujaza chumba kizima. Yakachomwa nyuma ya jiko, nami nikasimama pale nikitazama moshi kwa furaha. Sista Kadzo hakuja kutazama.

Likabaki tatizo moja. Mtu akija leo anaandikwa. Akija mwaka mwingine karani hamwoni, anamwandika upya. Unakuta mgonjwa mmoja ana mafaili matatu. Daktari akaniambia, "Hamadi, yaunganishe." Nikaandika programu ya kuunganisha, na nilidhani nimeiandika kwa hadhari. Majina yote matatu yafanane. Kijiji kifanane. Mwaka wa kuzaliwa ufanane. Nambari ya simu ifanane. Vyote vinne vikifanana, huyo ni mtu mmoja. Mafaili yaungane, na yanapopingana, habari mpya iishinde ya zamani. Niliijaribu siku nzima ikanipendeza. Mimi, mshuku wa kazi, niliishuku printa, niliushuku umeme, niliwashuku makarani. Sheria yenyewe sikuishuku.

Nisikilizeni vizuri hapa, hasa ninyi mliotoka bara. Mimi ni Mdigo. Kwetu mtoto hapewi jina la kuokota. Wa kwanza wa kiume aghalabu huitwa kwa babu yake mzaa baba, wa kwanza wa kike kwa nyanya yake mzaa baba. Sasa mwanamume awe na wake wawili, kila mmoja amzalie binti, na mabinti wote wawili wapewe jina la huyo nyanya yao. Hakuna anayeona ajabu. Nyumbani wanajulikana, huyu Mkubwa na huyu Mdogo. Jina la baba ni moja, la babu ni moja, kijiji kimoja, na mwaka mmoja pia kama wake walipokezana kujifungua. Simu nayo ni ya baba, ndiyo iliyokuwapo. Hata sihitaji kwenda mbali: nyumbani kwetu ukiita "Hamadi!" tunaitika watatu. Na bado niliketi nikaandika sheria ile, na akili zangu timamu, mtu niliyetoka nyumba ya akina Hamadi watatu. Wallahi sijui nilikuwa mtu wa wapi siku hiyo.

Kikoneni kulikuwa na mkulima, mzee Omari, mwenye wake wawili na mabinti wawili wa namna hiyo, Mwanasiti Mkubwa na Mwanasiti Mdogo, wamepishana miezi minne. Mkubwa alipokuwa msichana alidungwa sindano ya penisilini akavimba koo nusura afe, na Sista Kadzo akaandika kwenye faili lake, kwa wino mwekundu, asipewe dawa hiyo tena. Karani akanakili vizuri. Kisha programu yangu ikakutana na faili la Mkubwa, ikakutana na faili la Mdogo, vitu vinne vikafanana, ikawafanya mtu mmoja. Faili la Mdogo lilikuwa la karibuni zaidi, na lilisema: dawa inayomdhuru, hakuna. La karibuni likashinda.

Mkubwa akajikata mguu kwa jembe shambani, kidonda kikaoza. Akaletwa zahanati mwili unawaka homa. Sista Kadzo akamuuliza kama iko dawa inayomkataa. "Iko," Mkubwa akasema, "jina lake silishiki. Si liko kwenye faili langu? Uliandika wewe mwenyewe." Sista Kadzo akatazama skrini, akatazama tena. Mashine inasema hakuna. Anawaona wagonjwa wengi, hawezi kumkumbuka kila mtu, na karatasi ya kwenda kuhakikisha ilishakuwa jivu. Akamdunga.

Alinipigia simu saa tano asubuhi. "Hamadi, njoo. Njoo sasa hivi uone kazi yako." Nilipofika, Mkubwa alikuwa kitandani, uso umefura hata macho hayaonekani, anavuta pumzi kwa taabu. Walikuwa wamemuwahi kwa dawa ya kumfungua koo, na alhamdulillahi alipona, lakini ilikuwa chupuchupu. Mdogo alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, amemshika dada yake mkono, halii kwa mdomo wala kwa jicho. Sista Kadzo akanivuta mbele ya skrini.

"Soma."

Nikasoma.

"Huyu mwanamke amejifungua mwezi wa tatu. Amejifungua tena mwezi wa saba, mwaka huo huo. Hamadi, wewe una watoto. Hebu nieleze."

Niliomba kiti.

Ile programu niliizima siku hiyo hiyo, na watu wengine iliowaunganisha tukaja kuwatenganisha mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sitawachosha na hilo. Lakini faili la Mwanasiti nililitaka lirekebishwe kwanza kabla ya kitu kingine. Kama ningemwacha Mkubwa ndani ya faili la mwenzake, safari nyingine asingerudi nyumbani. Karatasi hazipo, nimezichoma. Njia iliyobaki ilikuwa kuchapa orodha nzima ya matibabu, kwenda nayo Kikoneni, na kuwauliza wenyewe kila mstari ni wa nani.

"Waite hapa mmoja mmoja, na mlango ufungwe," Sista Kadzo akaniambia.

"Nitawakalisha pamoja," nikamwambia. "Mmoja akisahau, mwenzake atakumbuka. Wakidanganya nitajua."

"Hamadi, hao ni watu."

"Najua," nikamjibu, na nikaenda.

Mkubwa alikuwa mjane, mumewe amefariki miaka miwili nyuma na kumwachia watoto watatu. Kwa ajili ya mguu ule alikuwa amehamia kwa mdogo wake, auguzwe hapo. Mdogo alikuwa ameolewa na mwashi, anafanya kazi Diani na kurudi nyumbani kila wiki, na walikuwa na binti mmoja. Mavyaa wa Mdogo, mama yake huyo mwashi, ndiye aliyenipokea. Nilimwamkia, akaniitikia kwa moyo mweupe, akanikaribisha mkekani. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ni kudra ya Mungu, mwanangu," akasema mavyaa. "Na hawa watoto kudra imewachezea. Huyu mkwe wangu naye, binti mmoja tu, mwaka wa sita huu tunangoja wa pili. Tumeshazunguka kwa mashehe, tumeshazunguka kwa waganga." Akarudi kwenye mbuzi yake kukuna nazi, hatua chache kutoka tulipokaa.

Nikatoa orodha na penseli, nikaanza kusoma kwa sauti. Ule mstari wa penisilini Mkubwa aliunyooshea kidole kabla sijaumaliza, nikaupigia mstari chini mara mbili. Mengine yakaenda vizuri, hata kicheko kikaingia. "Malaria." "Hiyo yangu." "Kidole cha mguu kuvunjika." "Changu hicho, ng'ombe wa baba alinikanyaga!" Mdogo akamcheka dada yake, na Mkubwa akacheka naye kwa uso ule uliokuwa haujapungua uvimbe. Tukafika mwaka aliofiwa na mumewe. "Hapo usiniulize," akasema. "Miezi minne na siku kumi nilikuwa eda. Sikutoka hata mlangoni. Chochote cha hapo si changu." Nikaziandika tarehe zile pembeni ya karatasi. Ni mazoea.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa dawa za kurudiwa, kuanzia miaka ya nyuma. Nikasoma, kwa sauti ile ile, "Sindano ya kupanga uzazi." Chini yake ilikuwapo nyingine, baada ya miezi mitatu. Na nyingine. Na nyingine tena, mpaka mwisho wa karatasi.

"Hizi za nani?" nikauliza.

Kukuna nazi kukasimama.

Mdogo alikuwa anautazama mkeka. Nikadhani hawakusikia, nikasoma tena, Mungu anisamehe, kwa sauti ya juu zaidi.

"Zangu," akasema Mwanasiti Mkubwa.

Mavyaa akageuka mzima mzima. "Zako? Wewe mjane?"

"Zangu, mama. Mjane naye ni mtu." Alisema hayo akinitazama mimi. "Andika, kaka Hamadi. Andika tuendelee."

Mwanamke yule alikuwa anajivua heshima yake mbele ya mzee wa watu, na kabla ya magharibi neno lile lingekuwa limefika kila kibaraza cha Kikoneni. Leo naliona waziwazi. Siku ile sikumwona mwanamke, niliona tarehe. Moja ya sindano zile ilidungwa katikati ya ile miezi minne niliyoiandika pembeni. Na moyo wangu uliruka kwa furaha, nawaambia kweli, furaha ile ile mnayoijua ya kulikamata kosa lililokuwa limejificha.

"Lakini dada," nikasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayesaidia, "hii ya hapa si ulikuwa eda? Umesema hukutoka mlangoni."

Mdogo alivuta leso akajifunika uso. Mavyaa alisema neno moja, "Kumbe," akabeba sinia yake ya nazi akaingia ndani. Na mimi, badala ya kuinuka nikaenda zangu kwa aibu, nililiandika jina la Mdogo kwenye mistari ile yote, maana sasa ilikuwa imepata mwenyewe, nikageuza ukurasa. Nilimaliza orodha. Niliaga vizuri.

Mwezi haukwisha, Mdogo akapewa talaka, na binti yake akabaki kwa baba. Habari hiyo nililetewa na Sista Kadzo, alikuja mwenyewe mpaka Kona ya Musa akapanda ngazi.

"Alipomzaa yule mtoto alivuja damu tukadhani tumempoteza," akaniambia akiwa amesimama, kiti alikikataa. "Ni mimi niliyemwambia asizae tena. Ni mimi niliyekuwa nikimdunga. Mumewe hakutaka kusikia. Dada yake pekee alijua. Sasa na wewe umejua. Umefurahi?"

Mafaili yale mawili ndiyo sahihi kuliko yote niliyotengeneza maishani mwangu. Hayakuwa na kosa hata moja.

Mmewahi kuniuliza kwa nini kila fomu niliyoitengeneza ya habari za watu ina sehemu zinazoruhusiwa kubaki tupu, na kwa nini nilikataa katakata mlipotaka mashine imlazimishe karani azijaze. Nikawajibu, "Acheni hivyo hivyo." Mkaona ni uzee. Na mmoja wenu, simtaji, akasema nimezembea. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza.

Mwanasiti Mdogo anauza leso Kona ya Musa, upande wa pili wa barabara, si mbali na ngazi za ofisi yetu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikivuka barabara nisipite mbele ya meza yake. Ninyi mlidhani nafuata kivuli. Baada ya kustaafu nikakosa pa kwenda asubuhi, na nikakosa pia kisingizio. Wiki iliyopita nilikwenda.

"Shikamoo, kaka Hamadi," akasema, kama vile tumeachana jana.

"Marahaba, dada. Sikuja kununua. Nimekuja kukuomba radhi."

Akaikunja leso aliyokuwa ameishika, akaiweka juu ya nyingine, akazilinganisha ncha. "Nilikuwa nakuona ukivuka," akasema. "Kila siku. Nataka nikuulize kitu kimoja tu, nimekiweka siku nyingi. Ile mistari ulipojua ni yangu, ilikufaa nini?"

Jibu la kitaalamu lilinijia mdomoni, la ukamilifu wa rekodi na usalama wa mgonjwa. Nimelitumia kwa wateja wengi. Nikalimeza.

"Haikunifaa kitu," nikamwambia. "Uliotakiwa ni ule mmoja wa dada yako, na huo nilikuwa nimeshaupata. Yako ningeweza kuiacha. Sikuweza kuvumilia kutojua, basi."

Akaja mteja, akamhudumia, akamtandazia leso nne akanunua moja. Nikangoja nimesimama pale juani. Mteja alipoondoka Mwanasiti alianza kuzikunja zile tatu. Hakusema kuwa amenisamehe, nami sikumuuliza.

"Una vijana uliowafundisha hiyo kazi yako?"

"Ninao."

"Basi waambie kama ulivyoniambia mimi. Na usiwapambie."

Ndiyo haya. Sikuyapamba.